Wakulima wa Kijerumani na Jina la Baba Mkwe

Nilisoma historia ya wakulima wa Ujerumani kwa sababu ya ratiba tu. Nalisema hilo mapema asije mtu akanidhania msomi. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya mji wa Saint Paul, Amerika, nataka kupandisha diploma yangu iwe digrii, na chuo kikanitaka nichukue angalau somo moja lisilohusu damu wala dawa. Masomo mengine yote yaligongana na zamu zangu. Lililobaki lilifundishwa Jumanne alasiri, karibu na kituo cha treni. Nikajiandikisha nikiwa na nia ya kukaa nyuma na kusinzia.

Sikupata nafasi ya kusinzia. Mwalimu wetu alikuwa mzee mrefu mwenye mikono mikubwa, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko mashambani, kaskazini-magharibi mwa mji wetu, ambako babu zake walifikia walipotoka Ujerumani. Siku ya kwanza, kabla hata ya kutuambia tununue kitabu gani, alisema babu zake walikuwa watoto wa ziada. Kwao, alieleza, shamba halikukatwa vipande. Lilikwenda zima kwa mtoto mmoja, na wenzake wakachagua: ama wabaki hapo hapo wakimfanyia ndugu yao kazi bila kuoa wala kuolewa, ama waondoke. Katika majimbo mengine hata kijiji kiliingilia. Maskini akitaka kuoa, wakubwa wa kijiji walikaa wakamjadili kama ana uwezo wa kulisha mke na watoto, na wakiona hana, ndoa haipo. Watu walipendana, wakazaa nje ya ndoa, wakatukanwa kwa hilo na wale wale waliowakatalia. Wengine wakapanda meli. "Kwa hiyo mnaponiona hapa," alisema, "mnamwona mjukuu wa watu walioambiwa kwamba wamezidi."

Nilikaa wima. Mimi ni mtoto wa Voi, wa miaka ile ambayo redio ilituhubiria familia ndogo asubuhi na jioni. Kliniki yetu ilikuwa na picha mbili ukutani: familia yenye watoto wawili wanene waliovaa viatu, na nyingine yenye kundi la watoto wenye kamasi. Mama yangu alikuwa na wanne alipofunga uzazi, na mpaka leo hasemi kama alitaka au alitakiwa. Husema tu kwamba yule dada wa kliniki alikuwa na maneno matamu. Sikuwahi kufikiria kwamba Wazungu nao waliwahi kuhesabiana hivyo wao kwa wao.

Hata hivyo, kilichomuumiza mwalimu hakikuwa kile cha zamani. Kilikuwa cha sasa. Shule aliyosoma utotoni ilikuwa imefungwa kwa kukosa watoto. Kanisa la kijiji chao lilikuwa limeunganishwa na mengine, padri mmoja anayazungukia yote kwa gari. Shamba la baba yake liliuzwa kwa kuwa hakuna aliyelitaka, na binti yake wa pekee, anayeishi mbali, hana mtoto, ana mbwa. Huko Ujerumani kwenyewe, alisema, kuna vijiji ambavyo siku hizi vinawabembeleza vijana waje, waoane, wazae. Wenzangu darasani walicheka kidogo kwa jinsi mambo yalivyogeuka. Mimi sikucheka, maana nyumbani kwetu katika kitongoji cha Blaine mjadala huo ulikuwa na mtu wake, naye alikuwa baba mkwe wangu.

Lazima nieleze. Mume wangu ni Mkikuyu wa Nyandarua. Kwao jina la mtoto halichaguliwi kwa utamu wake. Mvulana wa kwanza huitwa babu yake mzaa baba, msichana wa kwanza huitwa nyanya yake mzaa baba, na wanaofuata huenda upande wa mama. Tena si jina tu. Babu akishapata mjukuu wa jina lake husemwa kwamba amezaliwa, na hutembea kijijini kama mtu aliyemaliza kazi. Sisi tulijaliwa wasichana wawili. Wa kwanza ni mama mkwe, wa pili ni mama yangu. Baba mkwe alikuwa bado hajazaliwa. Wala hapakuwa na mwingine wa kumzaa, kwa kuwa ndugu wote wa mume wangu walifariki wakiwa wadogo, akabaki yeye peke yake.

Binti wa pili alipozaliwa nilitokwa na damu ikakataa kusimama. Nakumbuka dari, nakumbuka daktari akizungumza kwa ule upole wa haraka ambao nami huutumia kazini mambo yakiharibika. Waliniokoa kwa kuondoa mfuko wa uzazi. Mume wangu ndiye aliyetia sahihi. Nilipozinduka alikuwa amesimama dirishani na simu, anamwambia baba yake kwamba ni msichana, na mama na mtoto wote ni wazima. Sauti ya mzee ilifika mpaka kitandani, maana yeye kwenye simu hupaza sauti kama anayeita ng'ambo ya bonde. "Sawa sawa," alisema. "Anayefuata ni mimi." Mume wangu akajibu, "Ndiyo, Baba." Nilikuwa nimechoka mno kulishika neno hilo. Nilidhani ni adabu tu.

Ile "Ndiyo" ikaishi nasi miaka. Mzee alipiga simu kila Jumapili, na nikipewa simu aliniuliza swali moja: "Masomo yanaendelea aje? Yanaisha lini?" Nami, mjinga mimi, nilifurahi. Wakwe wengine waliniuliza nimenenepa kiasi gani. Huyu alikuwa mkulima wa viazi aliyeacha shule mapema, na ndiye pekee aliyeonekana kujali shule yangu. Nikawa namtajia alama zangu. Nilimsimulia hata ule mtihani wa hesabu za dawa nilioupasua. Akasema tu, "Haya, maliza basi."

Ukweli niliujulia kanisani, tukinywa chai baada ya ibada. Mama mmoja wa upande wa mume wangu, mwenye nia njema na mdomo mwepesi, alinishika mkono akaniomba nisichelewe sana. Mzee wa watu anazeeka. Mwanawe amemwambia asubiri mke amalize shule kwanza, ndipo jina lipatikane, lakini hiyo shule, mama, mbona haina mwisho? Alinisema kwa upendo, mbele ya sufuria ya chai. Kumbe Nyandarua nzima ilijua kwamba mke wa fulani ameweka vitabu mbele ya jina la mzee, na asiyejua nilikuwa mimi. Nikairudisha chapati sahanini.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, watoto wamelala kiti cha nyuma, nikamwuliza mume wangu.

"Ulimwambia nini baba yako?"

"About?"

"About mimi."

Akaangalia barabara. "Nilimwambia uko shule. Si uko shule?"

"Na operesheni hukumwambia."

"Sasa ningemwambia aje kwa simu? Mzee ako na pressure. Unataka nimuue?"

"Kwa hivyo ni mimi nimekataa."

"Hakuna mtu alisema umekataa."

"Na hakuna mtu alisema sikukataa."

Alisema mzee atapata viza, atakuja kututembelea, na hapo atamwambia ana kwa ana, mwanamume na baba yake. "Akikuja tu, nita-explain kila kitu. Promise." Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini niliona pia jinsi mikono yake ilivyoung'ang'ania usukani. Anamwogopa baba yake. Mtu mzima, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea watu wenye ulemavu, anainua wanaume wazito kuliko yeye bila kulalamika, na sauti moja ya Nyandarua inamtoa jasho. Nikakubali kungoja.

Viza ilipatikana. Mzee akafika Aprili, na Aprili ya kwetu ikampokea kwa theluji. Alisimama nje ya uwanja wa ndege na koti la kuazima, akaitazama ikianguka, akauliza kama hii ndiyo mvua ya kupandia. Nilimpenda papo hapo, na hilo ndilo lililonitatiza muda wote aliokaa. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Binti yetu mkubwa, mzee alimwita "mke wangu", kwa kuwa ana jina la mkewe, na asubuhi alimwamkia kwa kumwuliza kama amempikia uji. "I'm not your wife, Guka," mtoto alimjibu babu yake huku anacheka. Mdogo, mwenye jina la mama yangu, alimwita mkwe, na alimpisha kwenye kochi kwa heshima zote. Hakuwa na sauti ya ukali hata mara moja. Alichokuwa nacho ni kungoja. Kila nilipofungua kitabu cheupe cha chuo mezani, alikitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuaga.

Theluji ilipoisha alihamia gereji. Sisi watu wa huku hatuna baraza, basi jua likitoka tunainua mlango wa gereji, tunapanga viti vya kukunja mahali pa magari, na tunakaa humo tukitazama barabara. Mzee alilipenda jambo hilo kuliko kitu chochote cha Amerika. Alikaa pale toka asubuhi akisalimia kila anayepita, na waliopita karibu wote walikuwa na mbwa. "Hii barabara iko na mbwa wengi kushinda watoto," aliniambia. "Nyumba kubwa kubwa hivi. Wanamjengea nani?"

Kila Jumanne nilipoingia na gari aliniuliza, "Haya, hao Wajerumani wako wamefanya nini leo?" Nikavuta kiti, nikamweleza. Sijapata msikilizaji kama yule. Alikuwa mkulima anayesikia habari za wakulima. Nilipomwambia kuhusu shamba lisilogawanywa alitikisa kichwa muda mrefu, maana la baba yake mwenyewe liligawanywa kwa wana wake hadi kila mmoja akapata mahali pa kupanda viazi na kugeuza mkokoteni. Aliuliza wale walionyimwa shamba walikwenda wapi. Nikamwambia walikuja huku. "Kama nyinyi," akasema. Nilipomwambia kwamba huko wazee walihama chumba kikubwa wakawaachia vijana, na vijana wakapatana nao kabisa watawapa maziwa kiasi gani na mayai mangapi mpaka wafe, aliuliza kama walikuwa wakipewa kweli. Nikasema mwalimu anadhani walizozana sana. Akafurahi kusikia hivyo.

Siku moja nilimwambia jambo ambalo kwa kweli nilikuwa nimelitunza kwa ajili yake. Sehemu fulani za kule, shamba ndilo lililokuwa na jina. Mzee akikosa mvulana, binti alilishika, na mwanamume aliyemwoa alikuja kukaa pale, akaacha jina la kwao, akaitwa kwa jina la shamba. Watoto nao wakaitwa vivyo hivyo.

"Kwa hivyo huko mwanamume ndiye anaolewa," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Lakini jina lilibaki, Baba."

Aliacha kucheka. "Lilibaki," alikubali. "Hiyo ni akili." Akawatazama mabinti zangu waliokuwa wakichora chini kwa chaki mbele ya gereji, na kwa muda nikapata tumaini. Kisha akasema, "Msichana wa hao alikuwa anajua kulima. Hawa wangu wanaogopa mnyoo wa udongo." Mdogo alikuwa kweli amepiga kelele kwa sababu ya mnyoo. Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa nimeumia, maana nilikuwa nimemwandalia mlango naye ameuona na ameupita.

Mume wangu naye siku zikampita. Kila jioni nilimtazama, naye alitazama simu. Mara mzee amechoka, mara watoto wapo, mara ni siku ya Bwana. Niliacha kumkumbusha. Nikawa ninapika kwa vishindo.

Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu alitugawa pande mbili tujadiliane kama kupungua kwa watu ni msiba au ni nafuu. Kwa kura niliangukia upande wa msiba, pamoja na kijana wa Woodbury aliyefanya kazi ya bima. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alisema wale wakulima wa zamani walizuiwa kuzaa na watu wengine, lakini siku hizi hakuna anayemzuia mtu. Mwanamke akishasoma, alisema, anajichagua yeye badala ya kesho ya wote. Hakuwa na ubaya wowote. Alinigeukia na tabasamu, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kuendeleza hapo alipoachia.

Nilisimama na hoja zangu mkononi nikashindwa kuzisoma. Nikamwuliza mwalimu swali badala yake. Mwanamke wa zamani ambaye jina lake mnalikuta kwenye vitabu vya ubatizo vya kanisa, aliyezaa wawili akiwa bado kijana kisha hakuzaa tena, mnajuaje kama alikataa au alishindwa?

Mwalimu alivua miwani. "Hatujui," alisema. "Tunaona kwamba aliacha. Sababu hatuioni."

"Na mnamhesabu wapi?"

"Pamoja na wengine wote walioacha."

Nikaketi. Kijana wa bima alinitazama kama nimejifunga goli. Njia nzima, kwenye treni na baadaye kwenye gari, nilikuwa nimefura. Nilimwonea hasira kijana wa bima, na mwalimu, na yule mwanamke wa Kijerumani aliyekaa kimya karne zote hizo akahesabiwa vibaya. Zaidi ya wote nilimwonea hasira mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja, kwa sababu yeye sababu aliijua.

Nilipofika nyumbani niliingia kwa mlango wa mbele. Mlango wa gereji ulikuwa wazi, mume wangu na baba yake wamekaa mle. Niliwachemshia chai, nikaipeleka. Mlango kati ya jikoni na gereji haukuwa umefungika vizuri, na nilipofika pale nikamsikia mzee akizungumza kwa Kikuyu, polepole, kama mtu anayeomba. Mbele yangu huwa anazungumza Kiswahili. Mimi ni Mtaita, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kikuyu nilishakifahamu zamani, kwa kukaa nao tu.

Alikuwa anasema kuna msichana karibu na kanisa lao, ameachika, ana adabu, ni mfanyakazi. Haitakuwa lazima mume wangu aishi naye. Aje tu Desemba, wapatane, mtoto apatikane, na yeye mzee atamlea mwenyewe. Mama watoto asiambiwe ikiwa itamuumiza. "Mimi simlaumu," alisema. "Amechagua masomo. Kila mtu na chake. Lakini mimi nitazikwa nikiwa bado sijazaliwa, na wewe unaliona hilo."

Nilingoja. Nilikuwa nimeshika trei na nilimngoja mume wangu afungue mdomo. Sasa ndipo, nilijiambia. Hakuna siku nyingine itakayokuja yenye nafasi kama hii.

"Nitafikiria, Baba," mume wangu alisema.

Niliusukuma mlango kwa mguu. Nikaweka trei juu ya boksi la vifaa, nikamimina chai, nikampa mzee kikombe chake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha nikasema kwa Kiswahili, nikishangaa jinsi sauti yangu ilivyotulia.

"Baba, nisamehe, Kikuyu nakielewa. Sikuchagua masomo. Huyu mtoto mdogo alipozaliwa nilikaribia kufa, madaktari wakatoa mfuko wa uzazi. Siwezi kuzaa. Hata nikichoma vitabu vyote leo, siwezi."

Mzee hakunitazama. Alimtazama mwanawe.

"Ulijua?"

"Baba, mimi nilikuwa nataka—"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ni wewe uliniambia ni masomo."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mzee akaiweka chai chini bila kuionja. "Miaka yote hiyo," alisema, sasa kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Miaka yote hiyo nikipiga magoti kanisani, nimekuwa nikimwomba Mungu anisaidie nisimchukie bibi yako. Na wewe ukaniacha niombe." Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Barabarani mtu alipita na mbwa, akatupungia mkono, na mume wangu, kwa mazoea, akampungia pia.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Mzee alikula, alisalimia watoto, lakini gereji hakwenda tena. Aliomba tiketi irudishwe nyuma, aende nyumbani mapema. Mume wangu aliniambia nimemwaibisha mbele ya baba yake. Nilimwambia aibu aliipanda mwenyewe, mimi nimeivuna tu kwa sababu ilikuwa imeiva. Tulilala tumepeana migongo. Nitasema wazi kwamba nilikuwa na hofu: nilijua sasa mzee ana sababu nzuri zaidi ya kumtaka yule msichana wa karibu na kanisa, kwa kuwa kwangu hakuna tena cha kungojea. Ukweli nilioutoa kwa hasira ungeweza kunitoa nyumbani kwangu.

Asubuhi ya siku aliyosafiri, watoto walikuwa wameshapanda basi la shule na mume wangu hajarudi kutoka zamu. Mzee alikuja jikoni amevaa suti yake na kofia. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu. Nikamwekea chai. Alikizungusha kikombe kidogo.

"Kwa nini hukuniambia wewe mwenyewe?"

"Hukuwahi kuniuliza mimi, Baba. Ulimwuliza yeye. Mimi uliniuliza ya shule."

Alitafakari hilo. Nilidhani atasema kuhusu yule msichana, na nilikuwa nimeshajikaza. Nilikuwa hata nimepanga jibu, na halikuwa jibu la adabu.

"Basi sasa nakuuliza," alisema. "Hiyo siku. Iliuma?"

Mimi ni muuguzi. Swali hilo huwauliza watu mchana kutwa, nawaonyesha na picha za nyuso wachague inayofanana na maumivu yao. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Hospitali waliniuliza kuhusu mshono. Kanisani walinipongeza kwa mtoto mzuri. Mwanamume aliyetia sahihi alinunua maua, akanunua kiti cha mtoto cha gari, na tangu siku hiyo akalizunguka jambo lile kama watu wanavyozunguka shimo barabarani. Nilifungua mdomo nimjibu mzee, kikatoka kilio, kilio kibaya chenye sauti, cha mtu aliyefiwa. Nililia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo kwetu na kwao halifanywi. Yeye hakunishika wala hakuninyamazisha. Alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Iliuma, Baba," nilisema nilipoweza. "Bado inauma."

"Na mimi inaniuma," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanafuata mikunjo ya uso. Hakunidanganya kwamba jina halijalishi, nami sikumdanganya kwamba litapatikana. Hakutaja msichana wa karibu na kanisa. Sijui hata leo kama alimtaja tena kwa mwanawe, na sijauliza.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mume wangu aliingia na sare yake ya kazi, funguo mkononi, tayari kumpeleka baba yake uwanja wa ndege. Alitukuta hivyo, kofia mezani, sote wawili tumelowa nyuso. Akasimama pale pale kwenye zulia la viatu.

"Ni nini? Nani amekufa?"

"Ni mimi," baba yake akamjibu, akaninyooshea kikombe nimwongezee chai.